Shajara ya Mizani: Kusoma Biblia Yote Katika Mwaka Wangu wa Kwanza wa Kazi

5 Mei

Leo nimeanza kazi, na leo hii nimeanza pia mradi ambao shajara hii itauhifadhi. Nimeajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja kuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Masasi. Kazi yangu ni kupima mazao ya wakulima, kuandika uzito katika daftari na kumpa kila mkulima stakabadhi yake. Tutaanza na ufuta, mbaazi zitafuata kuanzia Agosti, na Oktoba itakuja korosho, ambayo ndiyo inayolisha kila nyumba ya huku kwetu.

Mradi wenyewe ni kusoma Biblia kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo bila kuruka sura. Vitabu ni 66 na sura ni 1,189, hivyo nikisoma sura nne kila siku nitamaliza kwa siku 298, yaani tarehe 26 Februari. Nilipokuwa chuoni nilikuwa kiongozi katika umoja wa wanafunzi Wakristo, nikafundisha wenzangu na kuongoza maombi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nadokoa aya hapa na pale, zile zile zinazopendwa na kila mtu. Sasa ninapokea mshahara wa kazi ambayo kosa langu linaweza kumwondolea mtu mkate, na sitaki kuingia humo nikiwa na imani ya kudokoa.

Biblia ninayotumia ni ya bibi yangu mzaa mama, ile ya Union Version, tafsiri iliyotoka mwaka 1952. Aliipata alipopata kipaimara katika kanisa la Mtandi, na jalada lake limeshonwa upya mara mbili kwa uzi wa katani. Aliponikabidhi alisema tu, "Mjukuu wangu, usiisome umelala."

10 Mei

Katika Mwanzo 23, Sara amekufa na Ibrahimu anatafuta mahali pa kumzika. Efroni Mhiti anamwambia alichukue shamba na pango bure, kisha anataja bei kana kwamba si kitu: shekeli 400 za fedha. Ibrahimu habishani, anampimia fedha ile mbele ya watu wote walioketi langoni pa mji.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, lakini sikuwahi kuliona neno "akampimia". Zama hizo hapakuwa na sarafu za kuhesabu, fedha ilikuwa ikiwekwa kwenye mizani kama tunavyoweka ufuta. Shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kidogo, kwa hiyo shekeli 400 ni kama kilo nne na nusu. Mchana, wakulima walipokwisha kuondoka, nilimimina ufuta katika mfuko mpaka mizani ikasoma 4.5, nikaunyanyua. Huo ndio uzito ambao mzee yule aliutoa kwa ajili ya kaburi la mkewe, mbele ya mashahidi, bila kupunguza hata punje.

Nimeamua kwamba katika daftari la mradi nitaandika kila mahali ambapo Maandiko yanataja mizani, vipimo au mawe ya kupimia. Sitayatafuta kwa simu. Nitayangoja yanifikie kwa zamu yake.

21 Mei

Kutoka 16 ina habari ya mana. Kila mtu aliokota kadiri ya ulaji wake, na kipimo kinachotajwa katika Biblia ya Bibi ni pishi, ambayo sura hiyo inasema ni sehemu ya kumi ya efa. Kwa makadirio ya wengi efa ilikuwa kama lita 22, basi sehemu yake ya kumi ni lita mbili na kidogo. Watafsiri wangeweza kuliacha neno la Kiebrania lilivyo, lakini walichagua kipimo ambacho kila mama wa pwani alikuwa nacho jikoni. Bibi anakumbuka vizuri kwamba pishi ilikuwa vibaba vinne, na kwamba anayeuza mchele alikisawazisha kibaba kwa kijiti juu ya ukingo, huku mnunuzi akiuangalia mkono wake na wala si kibaba.

31 Mei

Nimepokea mshahara wa kwanza. Nimetoa fungu la kumi kanisani, nimemtumia mama, nimelipa kodi ya chumba, na kilichobaki kinatosha unga, mafuta ya taa na vocha. Niliwahi kudhani siku hii ingekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Nilipoitoa bahasha ile nilifurahi kweli, lakini nilifurahi zaidi mama aliponiambia kwa simu kwamba amenunua salfa ya kupulizia mikorosho yake kabla ugonjwa wa ubwiri unga haujashika maua.

18 Juni

Maandiko mawili yamenifikia ndani ya wiki tatu. Mambo ya Walawi 19 inaagiza mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki na hini ya haki, na Mungu anaweka sahihi yake chini ya agizo hilo: yeye ndiye aliyewatoa katika nchi ya Misri. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kuwa na mawe ya namna mbili mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Kwa nini mtu abebe mawe mawili? Kubwa ni la kununulia, dogo ni la kuuzia. Mtu wa namna hiyo huja na mpango wake tangu nyumbani, na kosa lake haliwezi kuitwa bahati mbaya ya siku moja.

Katika Kiebrania neno la jiwe la kupimia ni lile lile la jiwe la kawaida, na sisi Waswahili hatujatofautiana nao, kwani hata leo chuma cha kilo ishirini tunakiita jiwe la mizani. Chama chetu kinalo moja. Wiki iliyopita maofisa wa Wakala wa Vipimo walikuja kukagua, wakaweka mawe yao juu ya mizani yetu, wakasoma, wakaandika, wakabandika stika ya mwaka huu. Nilimwomba mmoja wao anieleze wanachotafuta, naye akanieleza kwa subira kwamba Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka kila mizani ya biashara ihakikiwe. Aliniambia pia jambo ambalo nimeliandika ndani ya jalada la daftari: kwamba stika inathibitisha mizani ilivyokuwa siku ile ya ukaguzi, na siku nyingine zote ni za karani.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango naweka jiwe la kilo ishirini juu ya mizani na kuandika inachosoma.

29 Agosti

Julai na Agosti zimepita katika Wafalme, Mambo ya Nyakati na majina mengi, nami sina mengi ya kuandika juu ya miezi hiyo. Nimesoma kila siku, siku nyingine kwa taa ya sola umeme ukiwa umekatika, siku nyingine nikiwa na ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha pembeni, na zipo sura ambazo sikuzielewa wala sikujifanya kuzielewa. Mbaazi zimeanza kuingia ghalani.

Leo ni Ayubu 31. Mzee yule, aliyekwisha kupoteza kila kitu, anaomba apimwe katika mizani iliyo sawasawa ili Mungu aujue uelekevu wake. Ni ombi la kutisha, nami sikuweza kulirudia kwa sauti.

11 Oktoba

Msimu wa korosho umeanza na tunapima tangu tarehe 6. Watu wanafika kabla ya jua kuchomoza, magunia yamepangwa foleni mpaka barabarani, vumbi limechanganyika na harufu ya mabibo yanayooza mashambani. Ninapima, mwenzangu wa mizani anasoma namba kwa sauti, ninaandika, nakata stakabadhi. Jana tumemaliza saa mbili usiku.

Usomaji umefika Mithali 11, ambayo aya yake ya kwanza inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Nimeiandika katika daftari kama nilivyoandika nyingine, nikalala kwa uchovu.

25 Oktoba

Jambo hili nataka kuliandika kwa utaratibu, kwa sababu linanihusu mimi kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Nilipofika kazini nilikuta desturi kwamba katika kila gunia la korosho tunaondoa kilo mbili kwa ajili ya gunia lenyewe. Mizani ikisoma 82 naandika 80. Sikuuliza. Niliikuta hivyo, mtangulizi wangu alifanya hivyo, na foleni haikuniachia nafasi ya kufikiri, ingawa najua kwamba foleni si sababu.

Jana alasiri alikuja mzee mmoja na magunia saba. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, tukapima. Nilipomkabidhi stakabadhi hakuondoka. Aliishika kwa mikono miwili, akanisogelea ili watu wasisikie, akasema, "Binti yangu, gunia langu tupu nimelipima dukani, ni kilo moja. Hiyo kilo ya pili ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamjibu, naye akaniambia, "Haya, mwanangu, nitangoja," bila hasira yoyote, akaondoka na stakabadhi ile ile.

Leo nimefika ghalani saa kumi na mbili kasorobo. Nimechukua magunia kumi matupu, nimeyakunja, nimeyafunga kamba na kuyaweka juu ya mizani, yakasoma kilo 10 na gramu 300. Nimechukua kumi mengine, yakasoma 10 na gramu 200. Gunia moja la katani, basi, ni kilo moja na chembe. Nimeketi juu ya rundo la magunia na kuhesabu daftari langu tangu tarehe 6, nikapata magunia 618 ya wakulima 94. Katika kila moja nimeandika pungufu ya kilo moja kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Na katikati ya siku hizo, tarehe 11, nilisoma Mithali 11:1, nikaiandika, nikaamka asubuhi nikaendelea kukata kilo mbili. Nilikuwa nikikusanya aya za mizani kama mtu anayekusanya stempu, hali mizani yenyewe ilikuwa mbele yangu kutwa nzima.

26 Oktoba

Nimekwenda kwa katibu wa chama. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha namba. Naye si mtu mbaya, na nataka shajara hii imtendee haki. Alinieleza kwamba kilo ya pili ni ya unyaufu: korosho ikikaa ghalani hukauka na kupungua uzito, na mzigo ukipimwa upya katika ghala kuu ukionekana pungufu, chama ndicho kinachodaiwa. Alisema miaka ya nyuma waliwahi kulipa upungufu huo kwa fedha za chama, wakulima wakalalamika kwamba viongozi wamekula. Kisha akaongeza, "Umekuja jana tu, binti. Mambo haya yana historia."

Unyaufu ni jambo la kweli, kila mkulima wa Kusini analijua. Nilitoka pale nikiwa sijui kama nimekosea kuuliza au nimekosea kuchelewa kuuliza.

27 Oktoba

Jioni nimepita kwa padre. Nilitarajia aniombee, au aniambie nivumilie, au aniambie niache kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huo unyaufu mmeupima?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kaupime kwanza, halafu tutaomba tukijua tunaombea nini."

Kwa ruhusa ya katibu, ambaye alikubali mara moja, nimetenga magunia matatu yaliyopokewa leo. Tumeyapima mimi na mwenzangu mbele ya mlinzi, tumeandika uzito juu ya kila gunia kwa kalamu ya wino mzito, na tumeyaweka kati ya mengine, mahali pa kawaida, si juani wala si kwenye ukuta wenye unyevu. Tutayapima tena baada ya wiki mbili.

2 Novemba

Mwenzangu wa mizani ni Mwislamu, na katika mapumziko ya adhuhuri huwa anaswali nyuma ya ghala huku mimi nikisoma sura zangu mbili za mchana. Leo aliniuliza ninaandika nini katika daftari lile jingine. Nikamsomea orodha yangu kuanzia kwa Ibrahimu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inaanza kwa ole kwa wapunjao, wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka watimiziwe, lakini wao wakiwapimia watu hupunguza. Alisema aliihifadhi madrasa akiwa na umri wa miaka tisa.

Kupunja ndilo neno lenyewe. Nilikuwa nikiandika "tofauti ya uzito" katika maelezo yangu kwa katibu. Mwenzangu alinipa neno sahihi, na tangu leo nimelitumia.

10 Novemba

Tumeyapima magunia matatu. Yote kwa pamoja yamepungua kilo moja na gramu 400, yaani chini kidogo ya nusu kilo kwa kila gunia. Magunia matatu hayatoshi kumaliza mjadala, hilo nalijua, na korosho iliyokuja mbichi zaidi ingepungua zaidi. Lakini kilo nzima haikupatikana. Na hata ile nusu, swali la mzee bado lina haki: kama ni ya unyaufu, iandikwe unyaufu kwenye stakabadhi, mkulima aione na aipinge akitaka, isivae jina la gunia.

Katibu alisimama nasi wakati wa kupima. Aliitazama namba kwa muda mrefu, akasema suala hili litakwenda kwenye bodi ya chama, na kwamba ataliwasilisha yeye mwenyewe.

Usomaji umeanguka. Nipo nyuma kwa siku kumi. Isaya ninaisoma sura moja moja, na katika sura ya 40 nimesimama mahali ambapo milima imepimwa kwa mizani na mataifa yamehesabiwa kuwa kama mavumbi membamba katika mizani. Mavumbi katika mizani nayajua sana. Kila jioni nayapangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa, na yakiachwa siku tatu mizani inaanza kusoma gramu ambazo si za mtu.

16 Novemba

Bodi imekaa jana. Kuanzia leo tunaondoa kilo moja tu kwa gunia, na unyaufu utahesabiwa kuwa gharama ya chama, utakaoonyeshwa wazi katika hesabu za msimu. Kuhusu magunia ya nyuma, wajumbe walibishana mpaka giza. Mmoja alisema fedha zimekwisha kuingia katika mafungu yake. Mwingine, mama mmoja ambaye naye ni mkulima, alisema fedha zina miguu ya kwenda, basi zina miguu ya kurudi. Wameamua suala hilo liende mkutano mkuu wa wanachama baada ya msimu.

Nimeagizwa niandae orodha. Nilirudi nyumbani nikajaribu kusali, nikaishia kumshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule.

26 Desemba

Jana tulikuwa Mtandi kwa ibada ya Krismasi, nami nilikaa na Bibi karibu na nguzo. Leo nimerudi kwenye zamu yangu ya kusoma na kumkuta Amosi, sura ya 8. Wafanyabiashara wanauliza sabato itapita lini ili waifungue ngano, wapunguze efa, waiongeze shekeli, wazipotoe mizani kwa udanganyifu. Kisha inafuata aya ambayo sikuikumbuka kabisa: wapate kuwanunua maskini kwa fedha, na wahitaji kwa jozi ya viatu.

Huku kwetu hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tunayo kangomba. Mtu wa kangomba anakuja mwezi wa njaa, kabla korosho haijaanguka, anamkopesha mkulima fedha ya unga au ya ada, na msimu ukifika analipwa korosho kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei aliyoipanga siku mwenzake alipokuwa hana kitu. Nchi nzima ililisikia neno hilo mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutangaza kwamba wa kangomba hawatalipwa, lakini sisi tulilijua tangu utotoni. Baba yangu aliwahi kuuza hivyo mwaka nilipoingia kidato cha kwanza. Sare yangu ya shule ilishonwa kwa korosho iliyouzwa kabla haijatoa ua.

Na sehemu ile ya kununua watu kwa fedha nayo ina kwao hapa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, na nia yao ilikuwa kuwarudisha watu hao upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa, lakini walipofika Masasi, chini ya majabali haya, waliomba kubaki. Kanisa la Masasi lilianza nao, watu ambao bei yao iliwahi kutajwa sokoni. Steere huyo huyo ndiye aliyekuwa akitafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Alifariki mwaka 1882 kabla kazi haijakamilika, wengine wakaiendeleza, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Nikiwaza kwamba maneno ya Amosi yalianza kusomwa hapa kwa Kiswahili na watu waliokuwa wamenunuliwa na kuuzwa, sura ile naiona kuwa imeandikwa kwa ajili yao kwanza, na mimi nimeikuta mikononi mwao.

Nimeisoma mara mbili kwa sauti. Bibi alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema, "Endelea."

21 Januari

Foleni imepungua na nimerudi kwenye sura nne kwa siku. Siku nilizochelewa sasa zimefika kumi na nne, nami sitazifidia kwa kukimbia, kwa hiyo nimesogeza tarehe ya mwisho hadi 12 Machi.

Luka 19: Zakayo anasimama mbele ya watu na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Nimeipenda habari hii tangu Shule ya Jumapili kwa sababu ya mti aliopanda. Leo nimeona kwamba hakuna mahali panaposema Yesu alimwagiza kurudisha. Aliingia kukaa nyumbani kwake tu.

Katika kuandaa orodha nimegundua stakabadhi kumi na moja ambazo, siku ile tuliyomaliza usiku, niliziandika bila jina kamili la mkulima. Magunia hayo yapo katika hesabu lakini hayana mwenyewe katika orodha. Hilo ni kosa langu peke yangu, si la desturi niliyoikuta. Nimekwenda nyumba kwa nyumba siku tatu za Jumapili nikiwa na nakala za kaboni, nikiuliza mwandiko huu ni wa mzigo wa nani. Wote wamepatikana isipokuwa wawili, wa magunia matano.

8 Machi

Ufunuo 6. Farasi mweusi, na ampandaye ana mizani mkononi, kisha sauti inasema kibaba cha ngano kwa nusu rupia. Nilimsomea Bibi sehemu hiyo akacheka kwa furaha, akainuka, akarudi na kopo la bati lililopinda ukingo ambalo alikuwa akiwekea mbegu za mchicha. Hicho ndicho kibaba cha mama yake. Tulikijaza mchele, nikausawazisha kwa kijiti kama alivyonielekeza. Akaniambia niurudie, kwa sababu nilikuwa nimekandamiza kijiti na mchele ukaingia chini ya ukingo. Kijiti hupita juu ya ukingo, hakikandamizi. Nilirudia mara ya tatu ndipo akakubali.

12 Machi

Nimesoma Ufunuo 22 asubuhi, nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya ghala. Sura 1,189, siku 312.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi chini ya mwembe wa shule. Katibu alisoma orodha yote, jina kwa jina, na kwa kila jina idadi ya kilo, akaeleza yeye mwenyewe desturi ilivyoanza na ilivyokoma. Wanachama walipitisha kwamba kilo hizo zilipwe kwa bei ya mnada ambao mzigo wa kila mtu uliuzwa, kutoka katika ziada ya msimu. Wapo waliotaka zilipwe siku ile ile, wakaambiwa taratibu za benki zitachukua wiki mbili. Kwa wale wawili ambao sikuwapata, nimeweka fedha ya kilo tano kutoka katika mshahara wangu kwenye bahasha, ipo katika kabati la chama, na majina yao yakipatikana itakuwa hapo.

Mzee wa magunia saba alikuwepo, ameketi mstari wa mbele na fimbo yake. Mkutano ulipovunjika nilikwenda kumwamkia. Nilimwambia, "Shikamoo, mzee. Uliniuliza kilo ya pili ni ya nani. Ni yako." Akasema marahaba, kisha akaniuliza mkataba wangu unaisha lini. Nikamwambia mwezi wa tano, na kwamba sijajua kama nitaongezewa. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia ufuta wake mwaka huu umekubali, ataanza kuuleta mwanzoni mwa Juni.

Mwenzangu wa mizani ameniomba nimtafutie Mithali peke yake, kijitabu, kama vinauzwa. Nitaulizia Ndanda nikienda mwisho wa mwezi. Leo mizani imesoma 20.0. Karatasi za kaboni zimebaki nne, nimeandika ombi la boksi jipya.